Mkaa Usio na Moshi

Nguo nyeupe ndizo zilizomlisha, na nguo nyeupe hazitaki masihara. Wauguzi wa hospitali ya jirani walimletea magauni yao ya kazi ayashone, ayapunguze kiuno, ayapige pasi. Walimwita Fundi Kola, kwa sababu kola iliyopita mikononi mwake ilisimama wima mpaka jioni. Kazi aliifanya chumbani mwake mwenyewe: kitanda upande mmoja, cherehani upande wa pili, meza ya pasi katikati, na jiko la mkaa sakafuni, ili pasi ikipoa aijaze makaa mapya bila kutoka. Pasi ya umeme alikuwa nayo, imelala juu ya kabati. Alisema hiyo inabembeleza nguo tu, hainyooshi.

Adui yake alikuwa vumbi la barabarani. Kabla ya kugusa gauni jeupe alifunga dirisha na mlango, kisha akasokomeza kitambaa kwenye upenyo wa chini. Mkaa aliuwashia nje, akaupepea mpaka moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, ndipo akauingiza ndani. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Moshi ndio unaodhuru. Mkaa ukishakolea hauna neno.

Tangu mumewe afariki alikuwa akiumwa. Kichwa kilimbana kana kwamba kimefungwa kamba, tumbo lilimchafuka, miguu ikawa mizito, na mara nyingine alijikuta ameshika gauni bila kukumbuka alitaka kulifanya nini. Akienda kwa mdogo wake mwisho wa wiki aliamka mzima. Akirudi na kushika pasi, hali ni ile ile. Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: upweke. Naye akaamini. Kitanda cha watu wawili kilimkodolea macho mchana kutwa, angeaminije vinginevyo?

Mdogo wake alikuwa na nyumba iliyojaa watoto na kelele. Alimwandalia chumba cha nyuma, akamsihi, akamnunia, akamsihi tena. Fundi Kola hakutaka. Kule angekuwa mama mkubwa, wa kuulizwa chumvi iko wapi na viatu vya nani viko mlangoni. Hapa alikuwa fundi. Lakini mtu anayetapika kwenye beseni kila akimaliza kazi hana hoja ya kubishia. Mwishowe akasema sawa, atahama akishamaliza magauni yaliyobaki.

Siku ya kuhama mvua ilikuwa ikinyesha. Mdogo wake alikuja na mabegi matupu, akaanza kukunja mashuka huku dada yake akipiga pasi gauni la mwisho. Mlango ulifungwa, kitambaa kikawekwa mahali pake. Walizungumza habari za watoto. Baada ya muda mdogo wake aliketi ukingoni mwa kitanda akijikanda paji la uso.

"Dada, huu upweke wako unaambukiza," alisema. "Na mimi kichwa kinaniuma."

Walicheka kidogo. Kisha akajiegemeza kwenye ukuta, akateleza taratibu mpaka sakafuni, shuka bado mkononi. Fundi Kola alimwita. Alitaka kumfuata, lakini magoti yalikataa, akaanguka karibu na meza. Mlango aliuona. Ulikuwa karibu kabisa, na hakuweza kuufikia.

Aliyeufungua ni mwenye gauni, muuguzi aliyelifuata kabla ya zamu. Aliona jiko, akaona wanawake wawili chini, akabana pumzi na kuwaburuta mmoja mmoja hadi barazani kwenye hewa safi, akipiga kelele majirani wasiingie ndani.

Hospitalini waliwekewa oksijeni, kila mmoja na barakoa yake, kwa saa kadhaa. Mdogo alichelewa kuamka. Wakati wote huo Fundi Kola alimwangalia kifua kinavyopanda na kushuka, akawaza watoto wale wote na kelele zao.

Mdogo alipofumbua macho, muuguzi yule yule aliwaeleza. Mkaa mwekundu hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inaitwa kaboni monoksidi. Ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni, na mtu hulegea, husinzia, hufa bila kujua. Moshi kuisha si dalili kwamba gesi imeisha. Mtu akipata nafuu arudi kuangaliwa, maana kumbukumbu inaweza kuyumba hata baada ya wiki kadhaa.

"Ulianza kuumwa lini, fundi?"

"Tangu mume wangu aondoke."

"Zamani mkaa hukuutumia?"

"Niliutumia." Alifikiri kidogo. "Ila yeye alikuwa mtu wa joto. Kila akipita anafungua dirisha. Tuligombana kwa ajili ya dirisha hilo miaka yote."

Mdogo wake aligeuza macho kwenye dirisha la wodi.

Walipotoka, mdogo wake alimshika mkono getini.

"Kwa hiyo hutakuja."

"Sitakuja."

Alitegemea kusihiwa. Alikuwa hata ametayarisha majibu. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa tu, akasema ni kweli, sasa hakuna sababu, akaenda kuwaona wanawe.

Siku hizi Fundi Kola anapigia pasi barazani, mkaa ukiwaka nje na kubaki nje. Mvua ikinyesha anateremsha ile ya umeme. Vumbi likitua kwenye gauni analifua upya. Hatapiki tena, na chochote anachokianza anakikumbuka mpaka mwisho. Zamani jioni zilipokuwa ndefu alikuwa na kichwa cha kulaumu. Sasa kichwa ni chepesi, na jioni ni ndefu vile vile.

Juzi muuguzi alikuja kuchukua gauni, akamuuliza kichwa kinaendeleaje.

"Kimepona, sista."

Muuguzi alifurahi, akanyoosha mkono. Fundi Kola hakumpa gauni.

"Lijaribu kwanza hapa hapa, nione bega," alisema, ingawa bega lilikuwa sawa.