Kipaza Sauti cha Muuza Nyama wa Skelbeck

Siku za kazi Wilfred Threlfall aliuza nyama. Jumamosi alikuwa mtangazaji wa uwanja wetu wa Skelbeck Rovers. Kibanda chake kilikuwa juu ya jukwaa kuu, nami nilikaa humo humo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kubadilisha namba za magoli ubaoni. Haikunichosha, angalau upande wa wenyeji.

Alikuwa na sauti nzito ya upole, sauti ya mtu anayesoma neno kanisani, kwa hiyo hata uongo wake ulisikilizwa kwa heshima. Wageni wakijiandaa kupiga kona, ungemsikia: "Tunaomba mtusaidie, kuna mtoto amepotea. Amevaa jezi namba tisa ya wageni, anatafuta goli." Jukwaa zima linaangua kicheko, na namba tisa wa watu anapaisha mpira hadi maegesho ya magari. Mwenyekiti wetu, Bwana Garside, alimkanya kila mara. Wilfred aliitikia "Ndiyo, Bwana Mwenyekiti," kisha akarudi na jingine.

Msimu ule wa 1974 wachimba makaa waligoma, umeme ukawa wa mgao, taa za viwanjani zikapigwa marufuku. Kwenye ligi tulikuwa tunaburura mkia wa Daraja la Nne. Lakini kwenye Kombe la FA, sijui ni miujiza gani, tulifika raundi ya tatu, tukapangiwa Wenbridge City wa Daraja la Kwanza, nyumbani kwetu.

Walitufunga mapema, kisha wakakaa kulinda goli lao. Kocha wao, Desmond Lattimer, alisimama kando ya mstari ndani ya koti la thamani, akiwapigia mabeki wake kelele bila kupumua. Kila tukisogea, yeye alikuwa ameshaona. Mechi ikaelekea mwisho. Wilfred akanikonyeza, akawasha kipaza sauti.

"Mwalimu Lattimer wa Wenbridge, tafadhali fika ofisini. Mkeo yuko kwenye simu. Anasema bomba la jikoni limepasuka, maji yameshafika sebuleni."

Lattimer aliganda. Akautazama uwanja, akautazama mlango wa ofisi, kisha akatimua mbio, koti likipepea nyuma. Mabeki wake wakabaki kama kuku waliofunguliwa banda. Winga wetu akapita, akamimina krosi, Percy Clegg akaipiga kwa goti. Goti kabisa! Wavu ukatikisika. Goli moja kwa moja, sare, na mechi ya marudiano kwao.

Filimbi ya mwisho ilipolia tukasikia vishindo kwenye ngazi. Lattimer akaingia kibandani, mwekundu kuliko nyama ya Wilfred.

"Nani kasema mke wangu kapiga simu?"

"Mimi, mwalimu."

"Mke gani? Mimi na mke wangu tumeachana miaka mingi!"

Wilfred akamtazama kwa upole. "Sasa mbona ulikimbia?"

Lattimer akafunga vifungo vya koti lake. Akashusha pumzi. "Nilidhani amerudi," alisema, akageuka, akashuka ngazi polepole.

Wilfred hakumaliza pai yake ya nyama siku ile. Bwana Garside naye hakukawia: akamfungia asiguse kipaza sauti hadi atakapoitwa, na nafasi hiyo akampa mpwa wake mwenyewe, kijana aliyesoma majina ya wachezaji kama anayetaja waliofariki.

Marudiano yalichezwa mchana, katikati ya wiki, kwa sababu ya huo mgao wa umeme. Wilfred alifunga duka harakaharaka, tukapanda basi la mashabiki. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma kwa magoli matatu. Mara mtangazaji wa Wenbridge akasema: "Bwana Wilfred Threlfall wa Skelbeck, mkeo amepiga simu. Mlango wa nyuma wa duka umeuacha wazi, mbwa wameingia."

Mashabiki wetu wakalipuka kwa kicheko. Wilfred akasimama, akainama kama mwigizaji anayepigiwa makofi. "Huyo Lattimer! Nilijua tu atalipiza. Ila angetunga lake, ananiibia langu!"

"Mzee, piga simu basi uhakikishe," nilimwambia.

"Nimpe raha? Thubutu!"

Kule chini Lattimer mwenyewe, aliyetoka ofisini kwenye simu, alikuwa akitupungia mikono yote miwili. "Ni kweli, mzee! Nenda! Ni kweli!" Wilfred naye akampungia kwa furaha, akambusu kwa mbali.

Tulitolewa kwa magoli manne. Tuliporudi Skelbeck, mkewe, Mavis, alikuwa mlangoni mwa duka na ufagio. Ndani, mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamelala chali, matumbo juu, haikubaki hata kamba ya soseji.

"Mavis wangu, nilidhani ni utani."

"Utani? Mimi nimehangaika na simu nusu saa, eti utani! Wewe mwanamume, leo utakula huo utani wako."

Na kweli, wiki nzima alilishwa kabichi. Lakini adhabu kubwa iliishia kumwangukia Mavis. Kwa kukosa uwanja, Wilfred alianza kutangaza nyumbani. "Mwenye sufuria jikoni, viazi vinaungua." "Mabadiliko: anatoka Mavis, anaingia dada yake." Mwezi wa nne haujaisha, Mavis alivaa kofia yake ya kanisani, akaenda kwa Bwana Garside.

"Bwana Mwenyekiti, mchukue. Nakuomba. Nitakaa naye mimi mwenyewe, swichi iwe mkononi mwangu. Akitoka nje ya mstari, nazima."

Mwenyekiti akakubali. Wakarudi siku ya mechi ya mwisho ya ligi. Tukifungwa, tungeangukia kwenye timu nne za mkiani, ambazo huenda kuomba kura za wenzao zisifukuzwe kwenye ligi. Wilfred alitulia kama mwanakwaya, Mavis kashika swichi. Tulikuwa suluhu, dakika zinayoyoma, refa akawapa wageni penalti ambayo hata wao waliionea haya.

Mavis akamnyang'anya mumewe kipaza sauti.

"Refa, miwani yako imeokotwa chooni. Na wewe mpiga penalti, mama yako yuko hapa, anauliza kama hiyo ndiyo tabia aliyokufundisha."

Kijana wa watu akageuka jukwaani kumtafuta mama yake. Akapiga mpira dhaifu, kipa wetu akaukumbatia kama mtoto mchanga. Tukabaki kwenye ligi.

Bwana Garside akapanda ngazi. Wilfred akanyoosha kidole kwa mkewe: "Mimi sijasema hata neno!"

Mwenyekiti alimtazama Mavis, akibana kicheko. "Mama Threlfall," alisema, "msimu ujao Agosti uje mapema, kipaza sauti ni chako."

Wilfred alinuna mpaka nyumbani.