Miguu Iliyokataa Mbio

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ilianza vizuri tu. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, ile baridi ya Ufipa inayouma masikio, nami nilikuwa barabarani na raba zangu nyeupe, nakimbia kutoka nyumbani kuelekea kanisani kama nilivyofanya kila asubuhi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane. Kijijini kwetu, upande wa Mwazye, karibu hakuna aliyeniita kwa jina la ubatizo. Waliniita Motokaa. Watoto wakiniona kwa mbali walitawanyika pembeni wakipiga kelele, "Motokaa inakuja!" Nami naongeza mwendo makusudi, ili wapate cha kusimulia wakifika shuleni.

Nilipofika kwenye kilima cha kanisa, miguu ikakataa.

Sikuanguka wala sikujikwaa, na hakuna kilichouma. Magoti yalilegea tu, nikasimama katikati ya njia kama maksai aliyesusa jembe. Nikajaribu kutembea, nikatembea bila shida. Nikajaribu kukimbia, magoti yakalegea tena. Nilirudi nyumbani polepole nikamwambia mama kwamba nimechoka. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia.

Nikueleze kwa nini jambo hilo lilikuwa zito. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulikuwa tumetolewa kwenye vitongoji vyetu, huyu kutoka bondeni, yule kutoka mlimani, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba, jirani yako akawa mtu ambaye hukuwahi kula naye. Tulilima pamoja shamba la kijiji, ndiyo, lakini kila mtu alikuwa bado anawaza kwao kwa zamani. Kitu cha kwanza ambacho sote tulikiita "chetu" bila kulazimishwa kilikuwa mbio zangu. Sabasaba ya mwaka uliotangulia niliwashinda wasichana wa wilaya nzima kule Sumbawanga mjini, na lori lilipoturudisha, watu waliimba kutoka Laela hadi nyumbani. Usinicheke. Najivuna hata sasa nikikumbuka.

Sasa kulikuwa na mwalimu wetu wa shule, Mnyakyusa kutoka Mbeya, ndiye aliyekuwa akinifundisha mbio. Mtu mwema, ila desturi zetu zilimshinda. Wewe unajua sisi Wafipa tulivyo kwa salamu. Mtoto akikutana na mkubwa hapiti tu na shikamoo mdomoni. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anaulizwa hali ya nyumbani, anajibu, naye anauliza. Mwalimu akasimama na saa yake ya mkononi, akaona Motokaa wake anasimama kila nyumba kuchuchumaa, akakata tamaa. Akapeleka ombi kwenye mkutano wa kijiji: binti akiwa mazoezini, aruhusiwe kupita bila kusalimu.

Mzee Kapele, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alisimama akapinga. "Mtoto asiyesalimu," alisema, "ni mgeni hata kwao." Lakini kijiji kilikuwa kinataka ushindi, na mkutano ukapitisha. Nadhani hakuna kijiji kingine Tanzania nzima kilichowahi kukaa kikao kumruhusu mtoto wake akose adabu! Tangu siku hiyo nikawa napita mbele ya wazee kichwa juu. Na ukweli ni kwamba nilianza kupenda. Hata nilipokuwa sikimbii, nikienda kisimani tu, nilipita vilevile.

Basi, miguu ilipokataa, baba alinipeleka zahanati ya misheni. Mganga akanigonga magoti, akanipima damu, akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Akasema haoni ugonjwa. Tukaenda hospitali mjini, tukalala kwa ndugu zetu mtaa wa Kizwite, na kule nako wakasema hawaoni kitu. Mpaka leo, mwanangu, sijui kilichonipata. Hujafa hujaumbika, ndivyo walivyosema wahenga, nami nimeishia hapohapo.

Shangazi yangu mmoja akaanza kunong'ona kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo anajulikana. Baba hakumwacha amalize. "Dada," alimwambia, "watu wa mbali wanatosha kutusingizia Wafipa uchawi. Tusijisingizie wenyewe." Neno hilo likaishia mlangoni kwetu, halikutoka nje. Katika yote aliyonifanyia baba yangu, hilo naliweka la kwanza.

Lakini mimi nilikuwa naungua. Nilikuwa nani kama si Motokaa? Nikaanza kujificha. Kisimani naenda jua likiwa linachoma, wakati hakuna mtu. Shambani napitia nyuma, kwenye majani marefu, niikwepe barabara. Sikuogopa watoto, ingawa walikuwa wameshaanza kuimba kwamba Motokaa imeishiwa petroli. Nilichoogopa ni wazee. Kwa sababu asiyekimbia hana ruhusa, na asiye na ruhusa lazima asimame asalimu. Ningechuchumaaje mbele ya watu niliowapita mwaka mzima kama vigingi vya zizi?

Bibi yangu mzaa baba aliishi nasi. Alikuwa mjane wa mhunzi, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, na hayo machache yalitosha. Alinitazama nikijificha kwa majuma kadhaa. Jumapili moja baada ya misa alinikuta nimekaa jikoni, naota moto na kujihurumia. Akaweka chini ungo wake wa ulezi.

"Miguu yako imekataa kukimbia," alisema. "Tumesikia. Tumelia. Je, imekataa na kuchuchumaa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi inuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mwanangu, maneno hayo yaliniuma kuliko kushindwa kukimbia. Maana nilikuwa nimewaza miguu yangu imekufa yote, kumbe kazi yake kubwa haikuwa imeguswa. Nilifunga khanga vizuri, nikatoka. Sikupitia nyuma. Nilipitia barabarani, mchana kweupe, watu wakitoka misa.

Nyumba ya kwanza niliyoikusudia ilikuwa ya Mzee Kapele. Alikuwa nje anachonga mpini. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu, nikatoa salamu yangu yote bila kuruka neno. Hakunijibu. Aliendelea kuchonga. Jasho likanitoka na baridi ile. Nilijua ana haki. Nilibaki hapohapo chini, na nikaamua kwamba hata akinichelewesha mpaka jioni, sitainuka.

Hatimaye akaweka panga chini, akasafisha mikono yake, akaitikia. Aliitikia yote, mwanangu, kama unavyomwitikia mtu mzima: habari za nyumbani, za bibi, za shamba, za ng'ombe. Kuhusu miguu hakuuliza neno. Mwisho akasema, "Karibu kijijini, binti yangu. Ulikuwa safarini siku nyingi."

Nililia palepale. Nilipoinuka nikaenda nyumba inayofuata.

Sabasaba ilipofika, jina langu lilikuwa limeshapelekwa wilayani. Nilipanda lori pamoja na wenzangu, nikakaa kwenye nyasi pembeni ya uwanja, nikamwona msichana wa kijiji cha jirani akishinda mbio ambazo zilikuwa zangu. Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Niliuma khanga nisipige kelele. Mwalimu wangu alikaa kando yangu, akanipa muhogo wa kuchoma, tukala. Huzuni ikikujia, iache ikae. Kuifukuza ni kuiita irudi na nduguze.

Ila tuliporudi niliendelea kutembea na kusalimu. Na ajabu ya salamu zetu ndefu ni hii: ukimwuliza mtu hali ya nyumba yake na ukasubiri jibu, siku moja atakujibu kweli. Ndipo nikajua kwamba mjane wa nyumba ya mwisho hakuwa na wa kumsaidia kulima matuta, na mvua imekaribia. Nikajua kijana fulani kutoka mlimani anataka kutoroka kurudi kwao kwa sababu hakuna anayemwalika chakula. Nikajua ugomvi wa mpaka kati ya nyumba mbili ulianza kwa kuku mmoja. Nilipokuwa Motokaa nilipita milango hiyo kila siku, na sikuwa nimeona hata mmoja. Sasa nilikuwa namwambia huyu habari za yule. Mjane akalimiwa. Kijana akaalikwa, akanywa togwa, akakaa, na baadaye akaoa humohumo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipozeeka akaomba kupumzika, tukakutana kumchagua mwingine. Mtu mmoja akataja jina langu, na lilikuwa jina la ubatizo. Mwingine akapinga. Kwanza mwanamke, alisema, tena kijana, tena na miguu yenyewe mibovu. Mzee Kapele akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Tunachagua balozi," alisema, "hatuchagui maksai. Nani mwingine hapa anajua kila nyumba imelalaje?"

Watu walicheka mpaka yule mpinzani akacheka naye, na mikono ikanyooshwa. Nikawa balozi wa kwanza mwanamke katika kijiji chetu. Bibi yangu hakunipongeza. Alinipa ungo wa ulezi, akasema wageni wataanza kuja kwangu sasa, nisiwe na nyumba isiyo na unga. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na nakwambia bila aibu, niliifanya vizuri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengine wanaisema methali hiyo mdomoni tu. Sisi ambao mababu zetu waliyeyusha chuma kwenye vilima hivi tunajua koleo likivunjika linavyotia uchungu, na tunajua pia kwamba moto hauzimwi kwa ajili yake.

Sikukimbia tena maisha yangu yote. Hata wanangu walipokuwa wadogo, wakiniponyoka, niliwaita kwa mdomo. Siku nyingine bado naumia. Upepo wa kipupwe ukivuma kutoka mashariki, mwili wangu unakumbuka, na najua kabisa ningefika kanisani kabla ya kengele ya pili.

Basi sikiliza, mwanangu. Siku moja kitu unachojivunia kitakutoka. Labda ni miguu, labda ni sauti, labda ni kazi au uzuri, na labda hakuna atakayekuambia sababu. Uliza kwa wanaojua, na wakikosa jibu, usilitengeneze wewe kwa kumsingizia jirani. Lia, maana umepoteza kweli. Kisha usipitie nyuma ya nyumba. Kipaji ni mgeni, kinakuja na kuondoka kwa saa yake. Utu ni wa kwako, na hakuna mtu wa kukunyang'anya ila wewe mwenyewe. Usikubali hata siku moja kupewa ruhusa ya kutowaona watu, hata ruhusa hiyo ikipigiwa makofi na kijiji kizima.

Mungu wa mababu zetu akupe shamba lenye rutuba na mwili wenye nguvu. Akupe ushindi, nawe uufurahie sana, maana ushindi ni mtamu na mimi nauonja hadi leo. Na mwili utakapokuambia basi, akukutanishe na mtu wa kukukaribisha kijijini.