Macho Yangu na Kofia za Marubani wa Angani

Jumatano. Manyunyu asubuhi, kisha mawingu hadi magharibi, jua halikuchomoza hata mara moja.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji ya kupaka magari rangi pale Makupa, niliajiriwa kuosha mikebe. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo msomaji anisamehe nikikosea mpangilio. Mteja alileta kifuniko cha tangi la mafuta, maana ndicho kipande cha gari kinachofunguka kirahisi, akataka rangi ifanane nacho. Wapakaji wawili wakabishana, huyu ongeza nyeupe, yule ongeza nyeusi. Nikasema, "Inataka tone la manjano."

Fundi Mkuu akanigeukia. "Nani kakuuliza, we binti?" Lakini manjano akatia. Kesho yake nilikuwa mezani kwake nachanganya.

Alikuwa na ulimi mkali, ila kazi hakunificha. Rangi mbichi inadanganya, alisema, ingoje ikauke. Usiikodolee macho, itazame kwa pumzi tatu, kisha uyapumzishe kwenye kitu cha kijivu. Kila mchanganyiko upake kwenye kibao kidogo, na nyuma yake uandike matone ya kila rangi uliyotia. Na rangi ikikubali ndani, itoe nje uitazame tena. Hilo la mwisho nitalirudia, maana hapo nami nina kosa.

Kutoka Makupa nilichukuliwa na Tajiri mmoja wa Kuze, mwenye asili ya Bara Hindi, aliyefungua karakana ghorofani katika nyumba ya zamani. Tulitengeneza nakala za vifaa vya filamu za safari za angani: kofia za marubani, bastola za miale, redio za mkononi. Si vya watoto. Wanunuzi ni watu wazima wa ng'ambo wanaoviweka kwenye kabati za vioo, na rangi ikipotoka kidogo tu wanarudisha. Walituletea kipande cha plastiki chenye rangi ya asili, mara nyingine kidogo kama ukucha, nami nilinganishe. Filamu zenyewe sikuwahi kuziona.

"Bi Riziki, kijivu gani hiki?" Tajiri aliniuliza mara moja.

"Si kijivu, Tajiri. Ni kijani kilichochoka."

Akacheka. "Mie nina macho mawili, wewe Mungu kakupa manne!"

Alipougua, kazi ilishikwa na mwanawe, Meneja. Nataka niwe mkweli: Meneja ni kijana hodari. Alituletea feni na barakoa za kuzuia mvuke wa rangi, vitu ambavyo babake hakuvifikiria. Lakini siku zilipoletwa kofia kumi na mbili zilizorudishwa, alizipanga sakafuni akatuita sote, mimi na wenzangu saba.

"Bi Riziki, hizi rangi gani?"

"Nyeupe ya maziwa, yenye kijivu kidogo. Kama kipande walicholeta."

"Mteja anasema zina uwaridi, na kwenye picha zake nauona. Macho yamezeeka, mama. Si kosa lako, ni umri."

Mpiga msasa akadakia, "Sasa atatupakia kwa kupapasa." Watu wakacheka. Nilizitazama zile kofia na uwaridi sikuuona. Nikaamini. Wiki hiyo hiyo nikastaafishwa kwa keki na soda. Miezi mitatu mizima nilikuwa nikimwuliza binti yangu Saumu kama nyanya zimeiva.

Leo nilikwenda kuchukua vibao vyangu. Nilisimama dirishani, pale pale nilipokuwa nikilinganisha, nikatoa leso nyeupe kujipangusa jasho. Leso ilikuwa na ukijani. Nikachungulia nje. Kichochoro chetu ni chembamba, jua haliingii. Mwanga wote unaofika mezani hupiga kwanza ukuta wa jirani wa mbele. Miaka yote ukuta ule ulikuwa wa chokaa nyeupe. Sasa ni kijani.

"Umepakwa lini huu?" nikauliza.

"Si wakati wa harusi ya binti wa jirani?" akajibu mpiga msasa. "Mwezi ule tulipopaka zile kofia."

Kofia moja ilikuwa bado rafuni. Dirishani ilikuwa sawasawa na sampuli, kwa kuwa kwenye mwanga wa kijani wekundu hujificha. Nikapanda nayo juu ya paa, pole pole. Uwaridi ule pale, umejaa tele! Nimeuona kwa macho yangu haya haya.

Kosa langu nalikiri. Harusi ile nilialikwa, nikala pilau yao, na ukuta nikapita chini yake kila siku. Na kanuni ya kutoa rangi nje nilikuwa nimeiacha, kwa kuwa magoti yalikuwa yakiniuma kupanda paa. Kama Meneja angesema ni uvivu, ningenyamaza. Lakini alisema macho, na hakunipa hata kibao kimoja kunijaribu. Neno umri ni jepesi mno mdomoni mwa vijana. Likishatamkwa hakuna anayehangaika kutafuta sababu nyingine.

Nikamwita. Akatazama dirishani, akatazama paani. "Kweli, Bi Riziki. Ni ukuta."

"Basi waite wale saba uwaambie."

"Yameshapita, mama. Na sasa tuna mashine ya kusoma rangi."

"Sikuombi kazi. Nakuomba useme."

Akanishika mkono kunisindikiza. Chini kabisa ya ngazi, pasipo na mtu, akasema kwa sauti ndogo, "Niwie radhi."

Nikamwambia, "Ulinivua nguo kule juu mbele ya watu. Huku chini gizani wanivisha nani anione?"

Vibao nimevibeba mwenyewe hadi nyumbani. Atakayeishika kazi hii baada yangu na aujue mwanga wake kwanza, ndipo aseme juu ya macho ya mtu.

Baada ya magharibi dereva wa Meneja akaleta sinia limefunikwa kwa kawa. Biriani ya mbuzi. Saumu alikwisha kulifunua.

"Lifunike," nikasema. "Lirudi."

"Mama! Angalau tubakishe mapande mawili."

Nikamwambia dereva, "Mwambie nitakula siku atakayosema kule juu, mbele ya wale saba."

Sijui kama nimefanya vyema. Aliyeipika ni mamake, na yeye hajanikosea lolote. Lakini sinia limekwenda. Tumekula wali wa jana uliopashwa moto, na mchicha wa nazi. Saumu amenuna.