Mgonjwa wa Mfano

Kazini dada yangu wanamwita Mama Mshale. Kazi yake ni kupiga picha za skrini ya kompyuta kwa ajili ya vitabu vya maelekezo, vile wanavyopewa wahudumu wa mapokezi hospitalini ili wajue pa kubonyeza. Ole wako umpelekee picha ambayo mshale wa kipanya umefunika herufi! "Rudia," atakwambia, na hata bosi hurudia.

Picha hizo haziruhusiwi kuonyesha mgonjwa wa kweli. Siri za watu si mchezo. Wenzake hubuni majina. Dada, kichwa kigumu tangu utotoni, alimwomba mama ruhusa akamwandika yeye: jina, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. Basi mama akawa mgonjwa wa mfano. Ukurasa wa tisa ana homa, wa ishirini kavunjika mguu, wa arobaini ana mimba ya mapacha na miaka yake sitini na saba. Jamani, mama alicheka! Alikizungusha kitabu kwa majirani: "Tazameni makubwa haya, nina mimba na mzee wangu hana habari."

Mwezi wa tatu mama akafariki. Moyo, ghafla, asubuhi akifunga viatu. Hapo sina la kuongeza, msiniulize.

Wiki sita baadaye programu ikabadilishwa, kitabu kikatakiwa upya, na safari hii kina sehemu mpya: jinsi ya kufunga faili la mgonjwa aliyefariki. Bosi, mtu mwema kwa kweli, akamwambia, "Mtoe mama yako. Tubuni mtu mwingine kwa kitabu kizima." Dada akakataa katakata. Mama alikuwa amebaki mle tu, amtoe aende wapi? Lakini kanuni ni yake mwenyewe: mgonjwa ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, msomaji asichanganyikiwe. Akitaka mama abaki kitabuni, lazima amfunge kwa mkono wake.

Akanipigia simu. "Njoo ofisini ukae nami tu, mdogo wangu. Usiseme kitu." Mimi na kunyamaza wapi na wapi! Lakini nilikwenda.

Akafungua faili, akachagua "Amefariki". Kompyuta ikauliza: Una uhakika? Akapiga picha, akabonyeza Ndiyo. Kuikuza picha, mshale umekaa juu ya jina la mama.

"Acha tu," nikasema. "Nani ataona?"

"Nitaona mimi."

Akalifungua faili upya, mama akawa hai, akamfunga tena. Safari hii tarehe ilikatika pembeni. Mara ya tatu akabonyeza Ndiyo kabla hajapiga picha. Mwenzenu nilikuwa nimeuma midomo mpaka inauma kweli. Mama tulimzika mara moja makaburini, na pale mezani mara nne, saa nne asubuhi, watu wakipita na vikombe vyao vya chai.

Ya nne ikatoka safi.

"Dada, imetosha. Twende nyumbani."

"Bado. Msomaji lazima aone kinachotokea baada ya hapo."

Akaandika jina la mama kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Kompyuta ikajibu: Hakuna mgonjwa wa jina hilo. Akaipiga picha hiyo pia, akahakikisha inasomeka vizuri. Kisha akaita, "Mama!" kwa sauti, na ofisi nzima ikasimama.