Mtalii wa Kila Mwaka

Mtaani kwao walimwita Balozi, ingawa maisha yake yote alikuwa fundi makochi. Jina lilimganda baada ya watu kuzoea kumwona kila mwaka akiburuta sanduku kwenda ng'ambo, kisha akirudi na sweta jipya na maneno mengi. Mwenye kutafuta viza alipitia kwanza karakanani kwake, naye hakuwa mchoyo wa ushauri.

"Usijibu ambalo hujaulizwa," alikuwa akisema, misumari midogo ameibana mdomoni. "Ukiulizwa unakaa wapi, taja unapokaa. Usianze habari za shangazi yako."

Wasichokijua ni kwamba Balozi mwenyewe alikuwa hoi. Alichoshwa na foleni za ubalozini na vile viti vya plastiki vilivyoungwa kwa chuma kimoja, mwenye wasiwasi akitikisa mguu, safu nzima inatikisika. Alichoshwa na kupigwa picha mpya za sura ileile. Zaidi ya yote alichoshwa na neno utalii. Yeye alikuwa akienda kumwona kitindamimba wake, basi. Ila viza ya kutembelea jamaa ilitaka mwenyeji mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, na binti alikuwa bado anasubiri chake, miaka nenda miaka rudi. Ikabidi baba mtu awe mtalii.

Na watalii wenyewe aliwaonea huruma. "Mtu ana kitanda chake kizuri," alipenda kusema, "anakiacha, anakwenda kulala kwenye godoro la watu. Alfajiri yuko mbio kuliwahi jengo bovu, analipiga picha kabla hajalitazama, halafu anauliza choo kiko wapi. Ile ni kazi, tena isiyo na mshahara."

Safari hii mambo yalimharibikia uwanja wa ndege wa kule kule. Ofisa wa dirishani, mwanamke aliyebana nywele zake mpaka nyusi zimepanda, aliifunua pasipoti ukurasa kwa ukurasa. Mihuri ilikuwa imepandiana.

"Umekuja kutalii tena?"

"Ndiyo." Lugha yao alikuwa ameiokota kidogokidogo, safari baada ya safari.

"Kila mara mji huuhuu. Umeona nini mpaka leo?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Akilini zilimjia ngazi za jengo analoishi binti yake, zenye harufu ya dawa ya kufulia. Kituo cha basi anapomngojea akitoka zamu. Dirisha la jikoni linalotazamana na ukuta.

"Duka la mikate," alisema. "Mikate yenu mizuri."

Ofisa hakucheka. "Kuna ngome ya kale, kuna makumbusho, kuna mnara. Hujafika hata kimoja?"

"Magoti," akajibu Balozi, akiyapapasa. Nao haukuwa uongo mtupu.

Yule mama akaenda kunong'ona na mkubwa wake. Aliporudi alieleza kwamba utaratibu umebadilika: anayekuja mara kwa mara aonyeshe kuwa kweli ni mtalii, la sivyo atapunguziwa muda. Alisema hayo bila chuki, kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Balozi, aliyezoea kupewa miezi, akagongewa wiki moja.

Binti alikuwa akimngoja nje. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na macho yake yalikuwa mekundu kwa zamu za mfululizo. Aliposikia habari ya wiki moja alilinyakua sanduku, akatangulia mpaka chumbani kwake. Alikuwa amemwekea baba yake kitanda, yeye akitandika chini.

"Naomba ruhusa kazini," alisema. "Tunakwenda kote. Ngome, makumbusho, mnara. Tunapiga picha, tunaweka tiketi. Mwakani wakikuuliza, unawamwagia mezani."

"Mwanangu, mimi nilitaka tu kulala kidogo, halafu unipikie chai."

"Utalala ndegeni."

Alikuwa mtoto wa mama yake: akishashika jambo hakuna wa kumbandua. Balozi akavaa viatu.

Ngome ilikuwa ngazi tupu. Alipanda akishika ukuta, akapigwa picha, akashuka akishika bega la binti. Kwenye makumbusho walikuta kiti cha mfalme fulani, kitambaa chekundu, kimezungushiwa kamba.

"Kiti kinafungiwa kamba kisikaliwe," Balozi aliguna, "na mimi hapa nyayo zinawaka moto."

"Simama hapo, baba. Hapohapo."

Mnarani upepo ulikuwa mkali. Binti alirudi nyuma hatua kadhaa, akainua simu. "Tabasamu basi. Unaonekana kama mtu aliyekamatwa."

"Si nimekamatwa!" Balozi alisema kwa sauti, watu wakageuka. "Nimekuja kukuona wewe. Tangu nifike uso wako uko nyuma ya hiyo simu."

Binti akaishusha simu. "Unafikiri napenda? Nashinda naogesha baba za watu, wa kwangu napimiwa kwa wiki. Nataka nikuone na mwakani pia. Njia ninayoijua ni hii tu."

"Basi njoo wewe nyumbani."

"Baba, tumeshaongea. Nikitoka kabla hawajanijibu, ombi limekufa. Naanza upya."

Alilijua hilo. Kila safari alimwambia vilevile, naye kila safari alijibiwa vilevile. Akamsogelea, akamkung'uta vumbi la ukutani begani, ingawa halikuwapo.

"Haya, piga," alisema. "Piga na mnara wote uonekane. Lakini kesho sitoki."

Na kesho yake hawakutoka. Binti alikaa kitandani asubuhi ili avae soksi, akalala vilevile, soksi moja mkononi, mdomo wazi. Balozi alimfunika. Simu ya kazini ilipolia aliichukua akaifukia chini ya mto. Akachemsha maji mwenyewe, akavuta kiti karibu, akanywa chai huku anamtazama, mchana wote, mpaka ukuta wa ng'ambo ya dirisha ukaingiwa na kivuli. Siku zilizobaki wakazipitisha hivyo, wakila, wakilala, wakibishana juu ya chumvi.

Siku ya kuondoka binti aliagana naye mlangoni kwa haraka, maana zamu ilikuwa inamwita. Ofisa wa kutokea, kijana mchangamfu, alimuuliza wakati anagonga muhuri, "Umeufurahia mji wetu?"

"Nimechoka," alisema Balozi.

Kijana akacheka. "Ndiyo utalii huo, mzee. Karibu tena mwakani."

"Nitakuja," Balozi akajibu, akaokota mkoba wake, akaanza kutafuta mahali pa kukaa.