Mashine ya Nduruma Iliyotoka kwenye Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza redio. Nilikuwa na darasa la saba tu, na karakana ya Themi ilinichukua nifagie. Mpagazi mmoja alileta redio ya mawasiliano ya waongoza watalii, imeteremshwa kutoka juu ya Mlima Meru kwenye baridi kali. Nikaichomeka kwenye umeme nione kama inawaka. Ikatoa moshi.

Fundi Mkuu hakunipiga. "Umeinywesha maji," alisema.

"Mzee, haki ya Mungu, maji sijayagusa."

Akatoa soda kwenye friji, akaiweka mbele yangu, akanikataza kuinywa. Punde chupa ikalowa nje, matone yakateremka. "Nani kaimwagia?" Hewa, akanieleza. Hewa ya joto ikigusa kitu cha baridi huacha maji yake hapo. Ndani ya mashine, maji hayo yakikutana na umeme, kwaheri. Wenye digrii nimekutana nao wengi, lakini mwalimu kama yule sijamwona tena.

Baadaye nilifungua karakana yangu Maji ya Chai. Jina langu lilivuma, sijisifu, uliza. Ndiyo maana zahanati moja ya Nduruma iliponunua ultrasaundi, ile mashine ya kumtazama mtoto tumboni, iliniita mimi niifunge. Ilifika na lori la nyama iliyogandishwa. Dereva alisahau kuzima ubaridi, boksi likafika linachoma vidole kwa baridi.

Kwenye benchi alikuwepo mama mjamzito wa mwezi wa tisa, pamoja na mama mkwe wake. Mtoto wa kwanza alimpoteza kwa sababu alikaa vibaya tumboni. Mashine ndiyo ingesema kama ajifungulie pale au akimbizwe mjini.

"Washa, fundi," alisema Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati. "Au tuianike juani?"

"Hapana, daktari. Jua litapasha ganda, ndani kubaki barafu. Ikae chumbani na nailoni yake isifunguliwe, maji yaishie juu ya nailoni. Umeme ni kesho asubuhi."

"Kesho!" Mama mkwe akaruka. "Fundi gani huyu, anaiatamia mashine kama kuku?"

"Shikamoo, bibi. Ukilivunja yai kabla ya siku zake, unapata kifaranga?"

Akasonya. Mkwe wake alinitazama tu. Akalazwa pale pale.

Asubuhi niligusa boksi kwa mgongo wa mkono: kavu, joto lake sawa na la ukuta. Nikafungua, nikawasha. Mganga Mfawidhi akapitisha kifaa tumboni, kisha akasema, "Mtoto amekingama. Leteni gari." Mjini walimpasua, akatoka binti mzima, analia.

Sasa macho yamechoka, kuchomelea waya nimewaachia vijana. Nimefufua mashine ambazo wenye vyeti walizikimbia. Lakini kazi yangu kubwa kuliko zote niliifanya mikono ikiwa mfukoni, yule mama akinitazama.