Mgeni Aliyekataa Ugali

Sifa zote ni za Mungu, aliyemwandikia kila kiumbe riziki yake, na kwa hekima yake akampa kinyonga macho mawili yasiyosikilizana. Amenilea hadi nywele zimekuwa nyeupe, nami namshukuru hata kwa wiki ile niliyochekwa na mtaa mzima.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga. Mke wangu alikuwa ametoka hospitalini hapa Bungoma baada ya kupasuliwa, damu imempungua, viganja vyeupe. Muuguzi alimwambia ale mboga za majani kila siku, hasa managu. Basi bustani yangu ya nyuma ya nyumba, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya kunipotezea saa baada ya madrasa, ikawa duka la dawa.

Kiangazi ni msimu wa vidukari. Hujaa chini ya majani kama unga uliomwagika, wakinyonya utomvu. Nilinyunyiza maji ya sabuni, nikapaka jivu. Jivu lataka kupakwa asubuhi, umande ungalipo, lishike. Ukichelewa, upepo hulipeleka kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, na utaambiwa.

Rafiki yangu mkulima wa Kitale akanihurumia, akanitumia kikapu cha miche. Nilipofunua, juu ya miche alikuwa ametulia kinyonga wa kijani. Nikampigia simu.

"Huyo amepanda mwenyewe," akasema. "Mwache, maalim. Anakula panzi na viwavi. Ni kibarua asiyeomba chai."

Nikampandisha kwenye managu. Hazikupita dakika tano, mke wangu akaita kutoka dirisha la jikoni.

"Mzee! Nani ameleta hicho kitu?"

"Mungu, kwa njia ya Kitale."

"Basi kirudi kwa njia hiyo hiyo. Mboga iliyokanyagwa na hicho mimi sili."

Mke wangu ni Mbukusu, na kwao watoto husimuliwa kwamba kinyonga aliomba chakula kwa watu, akanyimwa, akawalaani wafe. Nyoka yeye alipewa, akabarikiwa kujivua ngozi na kuishi. Nilimkumbusha kwamba uhai na mauti viko kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

"Najua, tena ninaswali kukushinda. Lakini nyanya alinieleza haya kabla hujanifundisha hayo."

Siku mbili akala ugali kwa chai. Ya tatu nikachukua kijiti nimwondoe mnyama wa watu. Akapiga kelele: "Usimfukuze na njaa! Hiyo ndiyo laana yenyewe!"

Nikakwama hapo, kijiti mkononi. Hakutakiwa kukaa, na hakuruhusiwa kuondoka.

"Sasa nifanye nini?"

"Ashibe kwetu, ndipo nitakula."

"Lakini anakula viwavi kila siku!"

"Hao anajiwindia. Sisi tumempa nini?"

Mke wangu akawasha jiko. Akasonga ugali, akaupakua kwenye sahani ya wageni, nikaupeleka bustanini. Nikasema, "Karibu." Kinyonga akaangalia sahani kwa jicho moja, mimi kwa la pili, asile. Kufikia adhuhuri sisimizi walikuwa wamefika kwa mamia. Usiache chakula bustanini, msomaji wangu: sisimizi huwafuga vidukari kama sisi tunavyofuga ng'ombe, huwakamua utamu na kuwalinda na maadui. Vidukari wangu sasa walikuwa na askari.

Kesho yake mke wangu akaongeza mchuzi. "Pengine aliona ugali mkavu." Kuku wa jirani wakaumaliza.

Jirani mwenyewe, mzee aliyestaafu kazi Webuye, akaegemea ua. "Maalim, ati umeoa wa pili? Naona sahani zinapelekwa nyuma."

Nikamweleza. Akashika kichwa. "Si umpe nzi, bana! Ugali ni ya watu!"

Yeye naye ni Mbukusu, hakuthubutu kuvuka ua. Lakini alienda hadi buchani akarudi na chupa ya plastiki yenye nzi. Wanawake wa ploti wakakusanyika nyuma yake. Nikafungua chupa, nzi wote wakaruka zao, isipokuwa mmoja mwenye bawa bovu aliyetembea taratibu juu ya jani.

Kinyonga akageuza macho yote mawili. Akayumba mbele, akayumba nyuma.

"Kula, mkubwa," jirani akanong'ona. "Kula, usituaibishe."

Ulimi ukatoka. Jirani akaruka, ua ukaanguka naye, wanawake wakatawanyika wakipiga mayowe, ndara mbili zikabaki kwenye nyanya zangu. Aliyebaki amesimama ni mke wangu tu, mlangoni mwa jikoni, maana mshono haukumruhusu kukimbia.

"Amekula?"

"Amekula."

"Umeona akimeza?"

"Kwa macho haya."

"Chakula chetu?"

"Kimetoka mkononi mwangu."

Akaja polepole, akishika ukuta, akaingia bustanini. Akasimama mwisho wa tuta, mbali na mgeni, akachuma managu mwenyewe, jani kwa jani, akijaza upindo wa kanga. Mchana ule alikula sahani nzima, akaniambia niongeze. Nilikwenda jikoni kupakua, nikasimama huko kidogo, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuteremshie mvua kwa wakati wake, amwinue mgonjwa wako, na akujaalie subira na unaowapenda hata pale usipowaelewa. Amina.